Kila Chuma Kilipopimwa, Nilitumwa Maji

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo. Sikupewa nyundo wala koleo. Nilipewa ndoo ya bati, nikaonyeshwa kijito kilichokuwa chini ya karakana. Nilikuwa mtu mzima, miaka mitatu imepita tangu nitoke jandoni, na nilikuwa nimetembea siku mbili kutoka upande wa Bungoma hadi Kitale kutafuta ufundi. Ninyi vijana mnaoniuliza tulijifunzaje kazi enzi za wakoloni, anzeni hapo kwenye ndoo. Mimi nikiikumbuka damu bado inanichemka.

Baba alitaka niwe karani, kwa kuwa nilisoma kidogo misheni. Lakini nilikuwa nimeyaona yale magari ya ng'ombe yaliyobeba mahindi ya walowezi kwenda stesheni. Gurudumu likivunjika, ng'ombe kumi na sita wanasimama, vibarua wanasimama, na Mzungu mwenyewe anasimama kando ya barabara akingoja fundi wa magurudumu aje. Nilitaka kuwa huyo anayengojewa. Hiyo ndiyo sababu yangu, sina nyingine.

Kupata mahali pa kujifunza haikuwa kujaza fomu. Ulisimama langoni na kipande chako ndani ya kikopo shingoni, siku nzima, mpaka nyapara akuone. Kipande kilikuwa karatasi ya serikali ambayo kila mwajiri aliandika umefanya kazi gani kwake, na bila sahihi yake hukuajiriwa kwingine. Mimi nilisimama siku nne. Siku ya tano nyapara alipokea kuku wangu wawili, akaniingiza kwa bwana mwenye karakana, na bwana akanitupa kwa fundi mkuu.

Fundi mkuu alikuwa Mhindi mwenye mikono mipana, fundi kwelikweli, sitamnyima haki yake. Gurudumu lake lilikuwa na kitovu cha mbao ngumu, spoki kumi na mbili, na ukingo wa mbao zilizopindwa na kuunganishwa kuwa duara. Juu ya ukingo huo huja ringi, yaani utepe wa chuma unaozunguka gurudumu lote. Ringi hutengenezwa makusudi iwe ndogo kuliko gurudumu. Mnaichoma moto ikapanuka, mkaivisha ikiwa nyekundu, mkaimwagia maji haraka kabla mbao hazijaungua. Ikipoa hujikaza, na mbao zote hulia zikibanana. Ikiwa ndogo kupita kiasi, gurudumu linajipinda. Isipokuwa ndogo ya kutosha, inachomoka njiani. Je, iwe ndogo kwa kiasi gani? Hapo ndipo ulipo ufundi wote, na hapo ndipo nilipotumwa maji.

Nilijifunza kuchonga spoki. Nilijifunza kuvuta mivukuto mpaka makaa yakawa meupe, na kutoboa kitovu bila kukipasua. Lakini kila fundi mkuu alipochukua kile kigurudumu kidogo cha kupimia, akaanza kukizungusha juu ya ukingo akihesabu mizunguko, aliniita jina langu kwa upole.

"Simiyu, leta maji."

Mapipa yalikuwa yamejaa mpaka yanamwagika. Nilienda. Nikirudi, chuma kilikuwa kimeshakatwa. Miaka sita nilikwenda kijitoni. Nilikuwa nimeoa, nina mtoto, na bado nilikuwa natumwa maji kama mtoto wa jikoni. Nilimwomba mara mbili anifundishe. Mara zote mbili aliendelea kunoa tezo.

Leo naelewa. Bwana alimlipa yeye mshahara mkubwa mara nyingi kuliko wangu, na siku ambayo ningejua kipimo, bwana angebaki na mmoja wetu, yule wa bei nafuu. Alikuwa na watoto wa kulisha kama mimi. Naelewa kabisa, na kuelewa hakujanipunguzia hasira hata kidogo.

Mwaka wa saba niliiacha ndoo kijitoni, nikarudi mbio, nikachungulia nyuma ya mabati. Nikamwona akizungusha kigurudumu ndani ya ringi, akatia alama ya chaki pale hesabu ya ukingo ilipoishia, akalaza dole gumba lake kando ya alama, akakata palipoishia upana wa dole. Basi. Miaka sita yote nimefichwa dole gumba moja! Nilirudi kijitoni nikakaa juu ya jiwe, nikacheka peke yangu kwa uchungu.

Haikupita muda fundi mkuu akaugua malaria, na bwana alikuwa na mahindi ya kupeleka stesheni. Nikamwambia bwana ninaweza. Lilikuwa gurudumu kuukuu, limekaa juani kiangazi chote. Nikapima, nikalaza dole gumba langu, nikakata, nikaunga ncha. Tukachoma, tukavisha, tukamwaga maji. Lilipendeza macho. Bwana alinitikisia kichwa, na nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama diwani.

Ringi ilichomoka kwenye mtelemko wa Kiminini. Gari lilipinduka, magunia yakapasuka, na ng'ombe mmoja akavunjika mguu wakamchinja palepale barabarani. Fundi mkuu alipopona alikuja kulitazama lile gurudumu. Hakunigombeza. Alininyooshea dole gumba lake usoni.

"Wewe iba dole yangu," akasema. "Jicho yangu hapana iba."

Bwana aliandika kwenye kipande changu, akatia sahihi, akaniambia niende. Aliandika Kizungu, nami misheni nilisoma Kiswahili tu, Kizungu sikukijua. Nilikibeba hadi Bungoma nikiamini kwamba, hata kama nimefukuzwa, miaka saba ya karakana imo ndani ya kikopo changu. Kwenye kambi ya barabara walikuwa wanatafuta fundi wa mikokoteni. Karani alikisoma, akakisoma tena, akanitazama kwa huruma.

"Hapa imeandikwa mchota maji, bana. Si fundi. Sasa nikuandike nini?"

Niliandikwa mchota maji. Nilichota maji ya kambi, na kila ndoo niliyoinua nilimlaani yule bwana na Mhindi wake, na kalamu yao pia.

Ilikuwa kiangazi kingine, mikokoteni ya kambi imekauka, nilipochomeka ncha ya kisu katika ukingo wa gurudumu moja ikaingia. Pale mbao zinapokutana palikuwa na nafasi. Nikakumbuka kwamba fundi mkuu, kabla hajanituma, alizoea kulizunguka gurudumu akichomeka vipande vya bati kwenye maungio. Nilidhani anatafuta dumuzi, wale wadudu watoboao mbao. Kumbe alikuwa anajumlisha zile nafasi, aipunguze ringi kwa kiasi hicho zaidi ya dole. Alifanya hivyo mbele ya macho yangu miaka yote ile. Nilikuwa nimekodolea macho kile nilichofichwa, na kilicho wazi kikanipita.

Nyapara wa kambi aliniruhusu nijaribu gurudumu moja bovu. Halikuchomoka. Baada ya mwaka wakanifuta kwenye daftari la maji wakaniandika fundi, na baadaye nikafungua karakana yangu karibu na soko la Bungoma. Watu walinifuata kutoka Kimilili hadi Malakisi. Walisimama kando ya magari yao wakiningoja. Nilikuwa nimelipata nililolitaka.

Kisha dada yangu akaniletea mwanawe, Makokha, kijana mpole wa mikono mizuri, nimfundishe kazi. Alikaa kwangu miaka minne. Nitawaambia ukweli, maana nimekwisha kuwasema wengine: siku ya kwanza nilipochukua kigurudumu cha kupimia, nilisikia mdomo wangu ukisema, "Makokha, leta maji." Naye alienda. Nikaendelea kumtuma. Niliogopa atafungua karakana yake upande wa pili wa soko.

Yakaja matairi ya mpira. Makokha akaenda Kitale kwenye gereji, na mimi nikabaki na tanuri baridi, mpaka nikauza mivukuto nikaacha kazi.

Mwezi uliopita alikuja kunisalimia, ana mvi. Nilimketisha nikamwambia yote bila kuulizwa: upana wa dole gumba, ambao ni inchi moja, kisha jumlisha nafasi za maungio yote, zijumlishe na dole, ndicho kiasi cha kukata. Nilisema mara mbili ili asisahau. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, mjomba," akasema. "Lakini sasa nitaifanyia nini?"

Hasira niliyokuwa nayo kwa Mhindi yule miaka yote sikujua niiweke wapi. Makokha akainuka, akachukua ndoo iliyokuwa mlangoni, akaniuliza kama kuna maji ndani ya nyumba.