Kituo cha Jiwe Pana

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa meza. Nilikuwa nimeshuka meli ya Bukoba asubuhi ile ile, nikiwa na sanduku la bati na cheti cha chuo, nikapanda mpaka ofisi ya mipango miji ya Mwanza na viatu vya visigino ambavyo kaka yangu alininunulia kwa ajili ya siku hiyo. Mkuu wa ofisi, ambaye tulimwita Afisa Mkuu hata alipokuwa hayupo, alikuwa mtu mrefu kutoka Tanga, mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi. Alitazama viatu vyangu kabla ya kutazama cheti.

"Ndugu Adelina, una viatu vingine?"

"Nina raba, Afisa."

"Zivae. Utatembea kando ya reli kutoka stesheni mpaka Butimba. Ukirudi uniambie watu wanavuka wapi, na kwa nini wanavuka hapo."

Nilidhani ananijaribu kwa kuwa mimi ni mwanamke, maana ofisi nzima mwanamke mwingine alikuwa mpiga chapa tu. Baadaye niligundua kwamba kila aliyepita mikononi mwake alianza hivyo hivyo. Basi nikatembea. Upande mmoja ziwa, upande mwingine vilima vya mawe, na katikati wafanyakazi wa viwandani wakipita juu ya mataruma, zile nguzo za kulala zinazobeba reli, kwa sababu mabasi yalikuwa machache na barabara ilizunguka mbali. Nilirudi miguu imevimba, nikaeleza niliyoyaona. Hakunisifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha kwa kidole meza iliyokuwa karibu na dirisha. "Ile ni yako."

Kazi iliyokuwa inatungoja ilikuwa hii. Serikali ilikuwa imekubali kwamba reli ile iliyokuwa ikibeba pamba na mizigo ibebe pia wafanyakazi wa mjini, kwa treni nyepesi: behewa lenye injini yake lenyewe, linalosimama na kuondoka upesi kuliko gari moshi kubwa. Sisi tulipewa kupanga vituo, na pamoja na vituo, mitaa inayovizunguka. Ninyi vijana mnaochora kwa kompyuta huenda mkadhani kituo ni jukwaa na paa. Kwetu kituo kilikuwa ni mtaa mzima unaobadilika: maji yatapita wapi, soko litakaa wapi, nani atabaki na nani atahamishwa.

Tulianza na kile tulichokiita duara la kutembea. Unaweka ncha ya bikari kwenye kituo, unazungusha, na kila aliye ndani ya duara unahesabu kwamba ataweza kuja kwa miguu. Kwenye mji tambarare duara linatosha. Mwanza halikutosha, kwa sababu mtu anaweza kuwa anaiona reli kutoka mlangoni kwake na bado azunguke mwamba mkubwa kama kanisa ndipo aifikie. Nilitumia majuma mengi nikichora upya yale maduara kufuata vijia, mpaka yakawa na maumbo kama madoa ya uji.

Kituo cha katikati ndicho kilichotusumbua. Treni haiwezi kusimama penye kona wala mteremko; inataka kipande kilichonyooka na tambarare. Kipande cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, na kando yake kulikuwa na mtaa wa Jiwe Pana, ulioitwa hivyo kwa sababu ya mwamba bapa ambao wanawake walianikia dagaa. Nyumba za udongo na mabati, zimebanana, hazina hati wala bomba. Afisa Mkuu aliniita mezani kwake akaufunika mtaa wote kwa kiganja.

"Hapa tutasafisha. Tutajenga nyumba za ghorofa mbili za wafanyakazi, na uwanja mbele ya kituo. Wakazi watapewa viwanja upande wa barabara ya Magu."

"Kule ni mbali, Afisa. Hawa ndio wanaofanya kazi viwandani."

"Wengine, ndiyo. Wengine wanauza dagaa. Nenda kaandae mchoro."

Nilikwenda Jiwe Pana kwanza. Balozi wa nyumba kumi pale alikuwa Mama Nyanjige, mjane wa makamo kutoka Magu, mwenye mikono iliyokakamaa kwa chumvi na jua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiwe unayepita na karatasi?"

"Ndiye mimi."

"Basi kaa. Watu wanasema tunapelekwa barabara ya Magu. Mimi Magu nilitoka kwa miguu yangu, mwanangu. Sikutoka huko ili nirudishwe nusu ya njia."

Nikacheka, yeye hakucheka. Alinizungusha nyumba kwa nyumba. Huyu ni mpakiaji bandarini, yule anakoroga rangi kiwanda cha nguo, hawa wawili ni waranda mbao. Nilipotoka pale jioni nilikuwa nimeamua. Sikuwa na ujasiri wa kuzaliwa nao, lakini nilikuwa nimetembea reli ile kuliko mtu yeyote ofisini, na nilijua kwamba ukiondoa watu wa Jiwe Pana, treni itasimama pale ili kuteremsha upepo.

Njia ilikuwapo. Siku hizi mnaiita kuboresha makazi: unaacha nyumba zilipo, unaingiza barabara, mifereji na maji, unabomoa pale tu usipoweza kukwepa. Kama jukwaa lingesogezwa mpaka mwisho wa kile kipande tambarare, mtaa ungepona. Ila mwisho ule ulikuwa ndani ya bohari la mbao la Bwana Hasmukh.

Nilimkuta kwenye banda la msumeno, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. Alikuwa amezaliwa Mwanza, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu mara kumi. Nilimweleza moja kwa moja kwamba nataka sehemu ya mbele ya bohari lake.

"Dada," alisema baada ya kuzima msumeno, "nyumba yetu ya ghorofa mjini serikali ilishachukua. Sikusema kitu. Banda hili alijenga baba yangu. Sasa hili nalo?"

"Sehemu ya mbele tu."

"Sehemu ya mbele ndiyo banda."

Nilimuuliza mafundi wake wanaishi wapi. Alinitazama, akageuka akawatazama wao.

"Jiwe Pana," alisema.

"Wakihamia barabara ya Magu, watafika hapa saa ngapi?"

Aliwasha msumeno tena. Nilirudi mara nyingine, akanikaribisha chai ya tangawizi na kukataa tena. Mara ya tatu alikuwa na sharti: akitoa mbele, apewe kiwanja kinachotazama jukwaa, na jambo hilo litamkwe mbele ya watu.

Afisa Mkuu aliposikia alikasirika kwa namna yake, yaani aliongea polepole zaidi. "Nilikuagiza uchore mtaa mpya, wewe unaniletea mtaa ule ule."

"Ndiyo, Afisa. Wenye barabara na maji."

"Na ghorofa?"

"Ghorofa zikijengwa, hawa hawatapewa. Tunajua wote."

Aliinuka, akavaa kofia, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi tulikwenda pamoja. Nilimpitisha kwenye vijia vya Jiwe Pana, suti yake ikishika dagaa kila alipogusa kamba za kuanikia. Mbele ya nyumba ya Mama Nyanjige alisimama akapima kwa macho nafasi iliyokuwa kati ya miamba miwili.

"Barabara yako itaingilia wapi, Ndugu Adelina?"

Nilikuwa najua swali hilo litakuja. Miamba ilikuwa imefunga kote. Mwanya pekee wa kupita lori ulikuwa pale, na kwenye mwanya ule ndipo iliposimama nyumba ya Mama Nyanjige. Yeye mwenyewe alikuwa mlangoni, anatusikia.

"Itaingilia hapa," nilisema.

Mama Nyanjige aliweka chini ungo wake. "Kumbe ulikuwa unanitetea ili uje unibomolee mwenyewe?"

Katika miaka yote ya kazi sikuwahi kuulizwa swali lililoniuma kama lile. Nilimwambia kwamba nyumba yake itajengwa upya juu kidogo, mle mle mtaani, kabla ile ya zamani haijaguswa, na kwamba nitasimama pale mpaka bati la mwisho lipigiliwe. Akasema maneno ya ofisi ni matamu. Akaingia ndani akafunga mlango.

Mkutano ulifanyika kwenye mwamba wenyewe, dagaa wameondolewa. Kiongozi kutoka mkoani alikuja, akauliza kama wananchi wanaukubali mpango. Bwana Hasmukh alisema sharti lake kwa Kiswahili, kisha akalirudia kwa Kisukuma ili asiwepo wa kudai hakusikia. Watu wakapiga makofi. Halafu yakatulia, kwa sababu Mama Nyanjige alikuwa amesimama.

"Nyumba yangu ndiyo mlango wa barabara," alisema. "Sipendi. Nataka mjue kwamba sipendi, msije mkasema mama alifurahi. Lakini wakinijengea kwanza, nitatoka. Wasiponijengea, watapitisha lori lao juu yangu."

Kiongozi alimgeukia Afisa Mkuu. "Mnaweza kumjengea kwanza?"

"Tutamjengea," alisema Afisa Mkuu. Kisha, bila kunitazama, akaongeza, "Msimamizi ni Ndugu Adelina."

Saruji ilikuwa ya kutafuta kwa tochi miaka ile. Nilivuka na kivuko mpaka Sengerema kufuata mifuko iliyobaki kwenye mradi mwingine, nikasukumana na makarani, nikakaa juu ya mifuko hiyo kwenye lori ili isipungue njiani. Mbao alitoa Bwana Hasmukh, kutoka kwenye banda la baba yake, siku walipolibomoa. Alisimama akitazama paa likishushwa, mikono nyuma, mpaka ubao wa mwisho. Nyumba ilipokamilika, Mama Nyanjige aliikagua, akagonga kuta, akasema mlango umekaa vibaya. Tuliugeuza. Ndipo akahama.

Treni ilianza. Asubuhi ya kwanza jukwaa lilijaa kuliko vituo vingine vyote, na Afisa Mkuu, aliyekuja na raba miguuni, alinipa mkono. Mwaka uliofuata yeye alihamishiwa Dodoma, mimi nikapelekwa Sengerema kupanga soko na gati, kisha Shinyanga, mpaka niliporudi Mwanza nikiwa mkuu wa ofisi ile ile. Kufikia wakati huo vipuri vilikuwa havipatikani, mafuta yalikuwa ya mgawo, na treni nyepesi ilikuwa imesimama. Haikuanza tena. Majani yaliota kwenye jukwaa, na mimi ndiye niliyetia sahihi paa lake lihamishiwe sokoni.

Nimestaafu sasa, ninaishi Butimba. Wanafunzi wa mipango huniuliza kama haikuniuma kuona mradi wangu mkubwa ukifa. Iliniuma. Nilipigania kituo, na kituo hakipo. Lakini barabara ipo, maji yapo, na Jiwe Pana haikuhamishwa.

Mama Nyanjige alipofariki, akiwa mzee sana, nilikwenda msibani. Ndugu zake walikuwa wamekuja kutoka Magu na gari la kumchukua akazikwe kwao, kama desturi ilivyo. Gari lilikuwa limesimama mlangoni kabisa. Mwanawe mkubwa aliwaandalia chakula, akawashukuru kwa safari, kisha akawaambia hawataondoka naye.

"Mama ameacha neno," alisema. "Akizikwa, azikwe kwao. Na kwao alisema ni hapa."