Masikio ya Chuma

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa nyuma ya majengo yote, kimebanana na boila, na humo wanawake wanne walifanya kazi wakipigiana kelele. Si kwa ugomvi. Mashine ya kukamulia ilinguruma kama inataka kung'oka sakafuni, na aliyetaka kusikika ilibidi apayuke. Hata umbeya, ambao watu wengine huunong'ona, pale ulitangazwa.

Mmoja wao aliitwa Chuma. Jina alilipata mwaka wake wa kwanza, aliponyanyua peke yake tenga la mablanketi mabichi ambalo wanaume wawili walikuwa wanalizunguka wakilitazama. Lakini nguvu yake hasa ilikuwa ulimini. Ukimtupia neno, analirudisha kabla halijatua. Siku moja msimamizi aliingia na shuka yenye madoa, akauliza kwa ukali, "Hii mmeifua kwa nini?" Chuma akajibu, "Kwa heshima, bosi. Sabuni iliisha Jumatatu." Walicheka wiki nzima, na sabuni ililetwa kesho yake.

Mwenzake wa karibu aliitwa Pacha, kwa sababu kwa miaka kumi na saba hao wawili ndio waliokunja shuka pamoja. Kila mmoja anashika ncha zake mbili, wanavuta, wanakung'uta, wanakutana, wanaachana. Hawakuhitaji kuhesabu. Wa tatu alikuwa Kasuku, ambaye jina lake halina haja ya maelezo. Wa nne, Bi Sabuni, mtu mzima, alishika funguo za stoo na kuamini kwamba kila binadamu ana nia ya kumwibia.

Masikio ya Chuma hayakuondoka kwa siku moja. Kwanza alikosa mlio wa simu. Kisha maneno yakaanza kumfikia yamekatwa vichwa. "Atakuja" na "hatakuja" vikawa kitu kimoja, na mtu akikosa kichwa cha neno hajui ameambiwa ndiyo au hapana. Alidhani ni nta. Akaweka mafuta, akaweka maji ya vuguvugu, akatikisa kichwa kama kuku aliyelowa. Wapi!

Angeweza kusema. Lakini alikuwepo siku mzee wa boila alipoitwa ofisini. Mzee yule hakuwa amesikia king'ora, moshi ukajaa mpaka korido. Msimamizi alimshika mkono, akamwambia, "Mzee wetu, sasa umekuwa hatari kwako na kwa wenzako," akampa barua. Miaka ishirini na tisa ikaishia kwenye bahasha.

Kwa hiyo Chuma alimwambia mumewe tu. Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. "Siri yako ni yangu," alimhakikishia, akiipiga kelele hiyo siri sikioni mwake mpaka jirani akachungulia dirishani.

Kazini alijifunza kusoma midomo. Wenzake wakicheka, naye alicheka, nusu pumzi nyuma yao. Akajiwekea akiba ya majibu yanayokaa popote: "Makubwa!" "Ndiyo hivyo." "Utafanyaje sasa?" Utani wake mwenyewe ukapungua, maana huwezi kurudisha neno ambalo hukulidaka.

"Chuma siku hizi anajidai," Kasuku alilalamika. "Unamwita mara tatu ndipo akugeukie, kama mke wa waziri."

"Mwacheni," Pacha alimtetea. "Kachoka tu."

Mwaka wa tatu wa siri hiyo mama yake Pacha alilazwa hapohapo hospitalini, kifua. Baada ya wiki mbili akaruhusiwa. Jumapili moja ya zamu, saa nne, mashine imezimwa, wanne wako kwenye benchi na vikombe vya chai, Pacha akawaambia, "Mama hatulii! Jana nimemkuta na beseni, anafua gauni lake. Nimemwambia, mama, mimi nafua shuka za hospitali nzima, gauni lako moja litanishinda? Akanijibu eti sijui kusuuza."

Walicheka sana. Chuma alikaa ubavuni kwake na kulikuwa kimya, kwa hiyo alisikia kila neno. Siku hiyo aliondoka kazini na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miezi.

Siku ya Alhamisi Pacha alichelewa. Aliingia kwa mlango wa nyuma bila sare, leso kaibana mdomoni, mabega yanatikisika. Mashine ilikuwa katikati ya kukamua. Alimpita Kasuku, akampita Bi Sabuni, akamwendea Chuma na kumshika mkono. Alitaka aliyemzoea ndiye asikie kwanza.

"Mama amekufa," alisema.

Midomo haikuonekana, ilikuwa ndani ya leso. Kilichofika kwa Chuma kilikuwa mkia wa neno, na mabega yale aliyaona yanacheka. Mama amefua.

"Tena?" alipayuka Chuma, meno yote nje. "Mwache afue! Mwambie kesho aje huku, tuna mablanketi ya wodi nzima!"

Bi Sabuni alizima mashine. Leso ikashuka, na Chuma, tabasamu likiwa bado usoni, akauona uso wa Pacha. Pacha aliuachia ule mkono, akatoka kwa mlango alioingilia.

"Kuna nini?" Chuma aliuliza.

"Wewe una roho gani?" Kasuku alisema. Hilo alilisikia vizuri.

Hakuna aliyemwambia, maana hawakuamini kwamba hajui. Alijua mchana, mbele ya ubao wa matangazo. "Mwenzetu wa idara ya kufulia amefiwa na mama mzazi." Alisoma mara mbili. Msimamizi alikuwa amesimama hapohapo, pini bado mkononi. Maneno yalimjia Chuma mpaka kooni: bosi, mimi sisikii. Akaiona ile bahasha ya mzee wa boila. Akayameza.

Alikwenda msibani. Getini alisimama kaka yake Pacha. "Umefuata nini?" alimwuliza. "Mama hafui tena." Alitamka polepole, kwa hasira, na Chuma aliyasoma maneno yote midomoni mwake. Akageuka na kurudi alikotoka.

Pacha aliporudi kazini aliomba kukunja shuka na Kasuku. Chuma akapewa Bi Sabuni, ambaye alivuta kabla ya wakati na kulaumu baada ya wakati. Kwenye benchi walimwachia nafasi ya watu wawili, na mazungumzo yalipungua alipokaa, yakaongezeka alipoinuka. Wiki tatu zilipita hivyo.

"Nenda ukamwambie ukweli," mumewe alimwandikia kwa kalamu ya seremala nyuma ya kipande cha mbao. Siku hizo hakuwa anapiga tena kelele. Alisema zinamchosha koo.

Jumamosi mchana Chuma alibisha kwa Pacha. Mlango ulifunguliwa nusu. Nyuma ya Pacha dirisha lilikuwa wazi, mwanga unamjia Chuma machoni, uso wa mwenzake ukawa giza tupu.

"Masikio yangu yamekufa," Chuma alisema. Hakujua kama ananong'ona au anapayuka. "Mwaka wa tatu huu. Siku ile nilisikia umesema amefua. Naapa, mwenzangu. Nilisikia amefua. Niliogopa kazi, ndiyo maana sikusema."

Pacha akageuzia uso ukutani, akasema kwa sauti ya chini, "Miaka kumi na saba. Ungeniambia mimi tu. Mimi peke yangu."

Chuma hakusikia hata neno moja. Angeweza kusema hakusikia, ndicho hasa alichokuja kusema. Lakini mazoea ni kama ngozi, na yale ya miaka mitatu yalimtangulia.

"Ndiyo hivyo," alijibu. "Utafanyaje sasa?"

Pacha akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza, na kwa sababu ya utaratibu huo Chuma alirudi nyumbani na kumwambia mumewe, "Nadhani amenielewa."

Jumatatu Kasuku, ambaye habari humfikia zenyewe, alimwuliza Pacha, Chuma alifuata nini kwake, na Pacha akamweleza yote. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka kulibeba. Kufika Jumatano habari ilikuwa ofisini. Msimamizi alishuka, akasimama hatua tatu nyuma ya Chuma, akamwita jina lake halisi mara nne. Chuma aliendelea kupanga foronya.

Hakufukuzwa. Alihamishiwa chumba cha chini, kule shuka zilizochakaa zinakochanwa kuwa matambara ya kupigia deki. Hakuna mashine huko, kwa hiyo hakuna hatari, na hakuna mtu. Wiki ya kwanza alipanda saa nne kwenda kunywa chai na wenzake. Sasa wote walijua, na kujua hakukusaidia kitu. Kasuku alimpungia kikombe na kupayuka, "CHAI!" kama anayemwita mbuzi, kisha akamgeukia Pacha na kuendelea na hadithi. Pacha alimsogezea sukari. Hakumtazama. Wiki ya pili Chuma alishuka na chupa yake mwenyewe ya chai.

Nafasi yake juu alipewa mwanamke mwingine, mchangamfu, aliyekunja shuka haraka. Siku yake ya kwanza alikutana na Chuma kwenye ngazi, akamsalimu, akasubiri, akasalimu tena.

"Huyo hasikii," Kasuku alimwambia kutoka juu. "Mpungie mkono tu, inatosha."

Yule mgeni akapunga mkono. Chuma akapunga wake, akashuka na tenga lake la matambara.