Ndege Niliyoifungia Chumbani

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiitaja nashusha pumzi. Ilibaki kidogo nimkose Rehema, mke wangu, huyu ambaye sasa hivi yuko jikoni ananisikiliza ili apate pa kunisahihisha. Mwache asikilize, maana na yeye inamhusu.

Nilikuwa seremala kijana pale Yombo, ubavuni mwa uwanja wa ndege. Ndege zilipita juu ya mabati yetu kiasi kwamba mtu alikatisha salamu, akasubiri ipite, ndipo akaitikiwa. Wenzangu ziliwachosha. Mimi zilinitia wazimu. Uwezo wa kupanda sikuwa nao, na kusomea urubani ndiyo usiseme. Nikaamua kwamba kama mimi siingii kwenye chumba cha rubani, basi chumba cha rubani kitakuja kwangu.

Usicheke. Nilichukua picha ya chumba cha rubani wa ndege kubwa ya abiria, nikaipeleka studio wakaikuza mpaka ikalingana na kitu chenyewe, nikaibandika juu ya plaiwudi na kutoboa kila palipokuwa na kitufe. Swichi nilizipata Kariakoo, nyingine za taa za nyumbani, nyingine za magari. Viti viwili nilivitoa kwenye basi bovu. Usukani niliuchonga kwa mninga, kwani baba yangu alikuwa mchonga vinyago kutoka Newala na mkono wake niliurithi. Fundi mmoja wa kompyuta alinifundisha kufungua kibodi na kuunganisha nyaya zake na swichi zangu. Mbele nikaweka kompyuta ya kizamani ya chogo, yenye mchezo wa kurusha ndege, na chini ya viti nikatia spika kubwa za harusini, ili ngurumo uisikie mpaka kwenye mifupa.

Kazi ilikuwa nzuri, nasema bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo. Kasoro ilikuwa mlango. Chumba kilikuwa cha uani, na mimi nikakitia komeo. Niliona haya. Mwanaume mzima, tena ametuma posa, anacheza ndege? Nikajiambia nitawaonyesha watu ikikamilika. Na kitu kama kile hakikamiliki, mwanangu. Kila siku kuna swichi imesahaulika.

Basi kila jioni nikitoka kazini naingia, nafunga. Kwa kuwa nilitaka kila kitu kiwe kama kweli, nilisoma kwa sauti maneno yote ya marubani ya kukagua ndege, Kiingereza kitupu na namba, nikijiuliza na kujijibu mwenyewe. Kisha nawatangazia abiria: kaeni, fungeni mikanda, tunaruka sasa, Mtwara tutafika punde. Ngurumo inafuata, ukuta unatetemeka, halafu kimya. Sasa wewe ungekuwa jirani yangu ungesemaje?

Walisema mimi mchawi, usiku naruka na ungo. Kwetu mtu anayesafiri bila kutoka chumbani anajulikana anasafiri na nini. Kwanza wakaacha kuja kuomba chumvi. Kisha akina mama wakawa wanawaita watoto ndani nikipita. Siku moja kijana wa kijiweni aliniomba lifti ya Mtwara, na wenzake hakuna aliyecheka. Mimi kwa ujinga wangu nikadhani wana wivu.

Jumamosi hiyo Mjomba Salumu, niliyemtuma kuwa mshenga kwa Mzee Chande, baba yake Rehema, akarudi na uso uliokunjamana. Mzee alikuwa amesema binti yake haolewi kwenye nyumba ya watu wanaoruka. Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa mpigo, na niliogopa kweli. Niliogopa kumkosa Rehema, na niliogopa kijiwe, kwa sababu kwetu watu wamepigwa mawe kwa uvumi mdogo kuliko ule.

Baada ya sala ya alasiri mlango wa uani ukagongwa. Alikuwa Bi Somoe, mjumbe wetu wa shina, mama mfupi ambaye sijapata kumwona akiharakishwa na jambo. Nyuma yake Mzee Chande na bakora yake, na nyuma ya mzee, mtaa. Nikatoa shikamoo. Bi Somoe akaitikia. Mzee Chande akatazama pembeni, na wewe unajua kunyimwa marahaba kunavyouma.

"Tumekuja kuuona huo ungo," akasema Bi Somoe. "Fungua."

Nikafungua. Wakasogea mlangoni, wakanyoosha shingo. Bi Somoe akaingia, akagusa swichi, akauliza hii ya nini na ile ya nini, nami nikamweleza moja moja. Aliporidhika akamgeukia mwenzake, akamwonyesha kiti cha kulia. "Kaa hapo, Mzee Chande. Ukitaka kumjua mkwe, safiri naye."

Mzee akakaa, bakora mapajani. Nikawasha injini. Waliokuwa mlangoni wakarudi nyuma, na ndege ilipoacha ardhi nilimsikia mzee akianza kusoma dua. Lakini tulipofika juu, bahari ikiwa kushoto, akainama mbele kidogo. Akauliza kama ule pale ni mdomo wa Rufiji. Nikamwambia ndio wenyewe. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutabasamu, mara ngurumo ikafa, kioo kikawa cheusi, na chumba kizima kikaingia kiza.

"Tumeanguka?" mzee akauliza taratibu.

"Hapana, mzee. Umeme umekatika."

Bi Somoe ndiye aliyeanza kucheka. "Jamani," akasema, "mchawi gani huyu anayengoja umeme urudi?"

Uani pakalipuka kwa vicheko. Nikabaki nimekaa pale kitini natokwa machozi. Sioni aibu kukwambia. Sijapata tena kufarijika vile.

Bi Somoe hakuniacha hivihivi. Aliwageukia kwanza majirani, akawauliza kubisha hodi kuliwashinda nini. Kisha zamu yangu. "Wahenga walisema mkataa wengi ni mchawi, na wewe umewakataa, mwanangu. Ukifunga mlango, watu watachungulia kwa midomo. Umewanyima cha kuona, wakajitafutia cha kusema."

Watu wakaanza kutawanyika. Mzee Chande hakuinuka.

"Mie sishuki njiani," akasema. "Umesema Mtwara, nifikishe Mtwara. Mengine tutaongea tukishatua."

Umeme ulirudi magharibi inakaribia, tukaanza upya. Nilitua vibaya, ndege ikadunda kama gari kwenye matuta. Mzee akavuta pumzi, akasema alhamdulillahi, kisha akanigeukia na kunitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Marahaba," akasema.

Basi, mwanangu, nikuusie. Najua nyie wa siku hizi mnajifungia vyumbani na mambo yenu, na mengine ni mazuri kuliko hata ndege yangu. Fungua mlango. Waite watu wakione kitu chako kikiwa bado nusu, nyaya zinaning'inia, wacheke kidogo wanaotaka kucheka. Mficha uchi hazai. Kicheko cha mtu aliyekuona hakijaua mtu, lakini mnong'ono wa asiyekuona unaweza kukuvunjia nyumba kabla hujaijenga. Na ukimsikia mwenzako anasemwa, usiongeze lako. Nenda ukabishe hodi, uone kwa macho yako.

Mungu akupe kazi ya mikono unayoipenda, akupe mkwe wa kusafiri nawe mpaka mwisho, akujaalie na majirani wanaouliza kabla ya kusema. Amina.