Watoto Watatu wa Orlin na Ardys Tveit

Mwaka 1982 mji wetu wa Nordby ulitimiza miaka mia moja, na kamati ikaamua kitolewe kitabu. Kila familia, ya mjini na ya mashambani, ilipewa nusu ukurasa ijieleze: babu alitoka wapi, alifika lini, nani alimwoa nani, wamezaa wangapi. Mimi nilipewa kazi ya kukusanya na kupiga chapa kwa sababu nina taipureta, na kwa sababu siku ya kikao sikuwepo. Ukitaka kuwachoka majirani zako, kusanya historia zao. Wako walioniletea kurasa kumi na moja juu ya babu mmoja na masharubu yake, na wako waliosema kwao hakujawahi kutokea kitu.

Orlin na Ardys Tveit walikuwa wa kundi la pili. Tumepakana nao tangu niolewe. Ng'ombe wao wakivunja ua hula mahindi yetu, wetu wakivunja hula yao, na hajatokea mtu wa kulalamika. Karatasi ya Ardys ilikuja mwezi wa pili, kwa mwandiko wake mzuri wa kiualimu, maana kabla ya ndoa alifundisha miaka miwili katika shule ya chumba kimoja. Ilisema hivi:

"Anders Tveit alitoka Norway mwaka 1879, akachimba nyumba ubavuni mwa kilima, akaishi humo na mkewe na jozi ya maksai kwa majira mawili ya baridi. Mjukuu wake Orlin alimwoa Ardys Fossum tarehe 12 Juni 1948. Walifuga ng'ombe wa maziwa hadi 1971. Sasa wanalima mahindi na soya. Wana watoto watatu: Duane, Myrna na Curtis."

Basi. Hakuandika kwamba Orlin alikwenda kwa baba yake Ardys Jumapili tisa mfululizo kutengeneza mashine ya kutenganisha krimu, na mashine yenyewe ilikuwa nzima. Hakuandika kwamba Jumapili ya tisa Orlin alimwambia Ardys, "Kwetu kuna chumba cha juu kinapata jua la asubuhi," naye akajibu, "Chumba chenye jua si kibaya," na hiyo ndiyo ikawa posa. Haya alinisimulia mwenyewe jikoni mwa kanisa, tukimenya viazi, akacheka mpaka akafuta macho. Sijamwona akicheka hivyo tena.

Wala watoto wao hawakuwa watatu. Walikuwa wanne. Wa kwanza alikuwa msichana, Solveig. Mwezi Juni 1954, akiwa na miaka mitatu na miezi saba, alitumbukia katika hodhi la kunyweshea ng'ombe. Orlin alikuwa naye, anatengeneza pampu, akaingia zizini mara moja kuchukua spana. Mimi nilikuwa natundika nguo. Nikaona trekta yake inakuja kwetu kwa kasi, na Orlin haendeshi kwa kasi, nikajua kuna msiba kabla hajafungua mdomo. Alisimama uani kwangu na mikono iliyolowa hadi mabegani, akanitazama.

Siku ya maziko alishika mkono wa kila mtu, akamshukuru kwa kuja, na saa kumi na moja akaenda kukamua, maana ng'ombe hawajui kuna msiba. Ardys alirudisha vyombo vyetu vya chakula vimeoshwa, kila kimoja kwa mwenyewe, wala hakukosea hata kimoja. Hatukumsikia analia. Picha ya mtoto ikaondoka ukutani. Baada ya hapo jina lile halikutajwa nyumbani mwao, na sisi majirani tukaacha kulitaja pia. Tulikufa ganzi pamoja nao, tukaita hiyo ganzi heshima. Najuta nikiandika haya, lakini ndivyo tulivyokuwa.

Nilipokwisha kupiga chapa karatasi ile nilimfuata Ardys baada ya ibada. Nikamuuliza, "Mbona watatu?"

"Orlin hataki maneno."

"Alikwambia hivyo?"

"Hajaniambia kitu." Akawa anafunga vifungo vya koti, anafungua, anafunga tena. "LaVonne, mimi ningependa aandikwe. Hawa wengine wana watoto wao, wataendelea. Yule, tukiondoka mimi na Orlin, hakuna mtu duniani atakayejua alikuwepo. Jiwe la kaburi lake lenyewe linameza herufi."

Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia Ardys akisema anapenda kitu. Nikamwambia, "Basi nitamuuliza mimi."

Hakusema nenda, hakusema usiende. Alisema, "Saa nne huwa anakunywa kahawa."

Nikaenda siku ya Alhamisi, saa nne. Nilimkuta Orlin mezani, kofia gotini, Ardys yuko kwenye sinki ametugeuzia mgongo.

"Naona gari lenu limechukua tope," Orlin akaniambia.

"Limechukua la barabara yako."

"Basi uliache mlangoni ukitoka. Nalihitaji."

"Nikuachie na gari kabisa, ulioshe?"

"Si baya. Likikaa sana naweza kulizoea."

Tukazungumza juu ya mvua, na juu ya Duane aliyehamia mjini akanunua mashine ya kukatia majani, na ua wenyewe ni mdogo kama kitanda. Kisha nikaona niseme tu.

"Orlin, ile historia yenu ya kitabu. Nilifikiri tumtaje na Solveig."

Vyombo vikanyamaza kwenye sinki. Orlin akakizungusha kikombe chake, kishikio kikatazama dirishani.

"Haina haja," akasema.

"Nafasi ipo. Ni mstari mmoja."

"Wapeni wengine. Msijisumbue kwa ajili yetu."

Sasa mnielewe. Wiki hiyo nilikuwa nimebembeleza familia kumi na nane. Nilikuwa na nyumba nne mbele yangu siku hiyohiyo, na mguu unaniuma. Moyoni nikasema, huyu mzee ana roho ya jiwe, hata kwa mtoto wa kumzaa mwenyewe. Nikakunja karatasi, nikasema, "Sawa, Orlin," nikanyanyuka. Ardys hakugeuka. Mikono yake ilikuwa ndani ya maji, imetulia.

Kitabu kikatoka mwezi wa saba, jalada la buluu, nakala mia nne. Tulikigawa ukumbini mwa kanisa. Orlin alikisoma amesimama, kidole juu ya ukurasa wao. Akafika mwisho, akafunua jani la mbele, akarudi, kama mtu anayetazama karatasi mbili zisije zikawa zimegandana. Kisha akaja kwangu.

"Kazi nzuri," akasema. "Herufi zinasomeka."

Kwa Orlin hizo ni sifa za mwaka mzima. Mwezi mzima nilitembea kifua mbele.

Mwezi wa nane nilimpelekea Ardys sufuria yake. Alikuwa anapiga pasi. Akanikaribisha kahawa nikamwambia asijisumbue, akanikaribisha tena nikasema nimekunywa nyumbani, akanikaribisha tena nikavuta kiti. Alipokwisha kumimina, akachukua karatasi iliyokuwa chini ya bakuli la sukari, akanipa. Ilikuwa imekunjwa mara nne, mikunjo imechakaa mpaka inapitisha mwanga. Mwandiko ulikuwa wa penseli, wa mkono mzito.

"Solveig Ardys Tveit. 9 Novemba 1950, 17 Juni 1954. Aliwajua ng'ombe wote kwa majina."

"Imetoka wapi?" nikauliza.

"Mfukoni mwa shati la Orlin. Kila Jumatatu kabla ya kufua naitoa. Nikimaliza pasi naitia kwenye shati safi."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku aliyosoma karatasi yangu. Mwezi wa pili."

"Kwa hiyo siku ile niliyokuja."

"Alikuwa nayo."

Nikatazama kikombe changu. Ndipo akili ikanikaa sawa, nami nimezaliwa hapa, nimelelewa hapa, na kahawa iko mbele yangu baada ya kuikataa mara mbili. Kwetu hakuna anayepokea kitu kwa mara ya kwanza, wala ya pili. Mtoto wa miaka minne analijua hilo. Lakini mimi nilidhani ni mambo ya kahawa na pai. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kumkataa mtoto wake mara mbili, karatasi iko kifuani, huku akiomba Mungu aulizwe mara ya tatu.

"Kwa nini hukuniambia niulize tena?"

"Nilikuwa nangoja. Nilijua utauliza." Akaishusha pasi. "Ungeuliza mara moja tu zaidi, LaVonne."

Hakuna aliyewahi kuniambia neno zito kama hilo, na alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Nikababaika. Nikamwambia nitapiga chapa vikaratasi mia nne, nitapita nyumba kwa nyumba, nitabandika katika kila nakala kwa mkono wangu. Akatikisa kichwa.

"Usijilaumu hivyo. Wewe ulimuuliza mara mbili. Mimi nalala naye kitanda kimoja, miaka ishirini na minane tangu msiba, sijamuuliza hata mara moja."

"Muulize leo."

"Nitaanzia wapi?"

"Anajua umeisoma. Si wewe unayeirudisha?"

"Anajua," Ardys akasema. "Ndiyo maana haitoi akivua shati."

Tukasikia buti za Orlin zinakung'utwa barazani. Ardys akanipokonya karatasi, akaikunja kwa mikunjo yake ileile, akaiingiza katika mfuko wa shati alilolipiga pasi, akafunga kifungo. Orlin akaingia, akavua kofia, akataja jina langu ndiyo salamu.

"Shati lako tayari, Baba," Ardys akasema.

Orlin akalipokea. Akaupapasa mfuko kwa kidole gumba, polepole, mpaka akaisikia karatasi.

"Asante, Mama," akasema, akapanda nalo juu.