Fundi Rangi na Nywele za Mjomba

Siku yangu ya kwanza kazini sikujua kwamba niko kazini. Nilikuwa nimeshuka kutoka Matombo na ndizi zangu, nimesimama sokoni Morogoro mjini, nikamwona kijana mwembamba ananikodolea macho. Suruali yake ilikuwa na rangi zote za duniani. Mbele yake kulikuwa na kibao kitupu cha duka la kanga.

"Dada, simama hivyo hivyo. Usigeuke."

"Kwani umeninunua?"

"Nitanunua ndizi zote. Tazama mlimani, usinitazame mimi."

Nikatazama mlimani. Shingo ikaniuma, nzi akanitembelea pua yote. Jioni nikajiona nimening'inia juu ya mlango wa duka, nimevaa kanga ambayo mfuko wangu haukuiweza. Kijana huyo ndiye Athumani, babu yenu. Nilifanya naye kazi ya vibao mpaka mikono yake ilipochoka. Sasa nawaandikia ninyi wajukuu, hasa mnaochapa mabango kwa kompyuta, mjue ilivyokuwa. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo maneno makubwa msiyatafute humu.

Kibao kilianza na bati. Bati lilipigwa msasa mpaka liache kung'aa, maana rangi haishiki kwenye kitu kinachoteleza. Kisha rangi ya chini, nyeupe, inaachwa ikauke. Kunyoosha maandishi tulitumia uzi uliopakwa chaki: mimi nashika huku, yeye kule, anauvuta kidogo na kuuachia, tap! Mstari umekaa. Rangi nzito ililainishwa kwa tina, na tina ikikosekana, mafuta ya taa. Lakini rangi ya ngozi ya mtu haikuuzwa dukani. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilichanganya kahawia, nyekundu na tone la njano kwenye sahani iliyovunjika, nikajipaka mkononi. Ikionekana, bado. Isipoonekana, imeiva.

Athumani hakuwahi kuchora sura ya mtu asiyemjua. "Mkono wangu ni mwoga kwa wageni," alisema. Kwa hiyo mwanamke wa duka la kanga ni mimi, wa saluni ni mimi, wa mashine ya kusaga ni mimi, nimejaa unga. Mtoto anayekunywa uji ni Shabani, mwanetu wa kwanza.

Sasa niwaeleze shida ilikotoka. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mwanamume akioa, anakuja kulima shamba la ukoo wa mke; akifa, anarudishwa kuzikwa kwao. Athumani akaja. Siku ya kwanza alipanda migomba miwili, akarudi nyuma kuitazama kama anavyotazama kibao, jicho moja amelifumba. Akasahau kwamba yuko mlimani. Tulisikia majani yanalia mpaka chini mtoni.

Mjomba wangu, kaka wa mama, mzee mwenye upara unaong'aa na maneno makali, aliinama ukingoni akaniuliza, "Huyu amekuja kuoa au amekuja kuanguka?"

Basi Mjomba akaturuhusu tushuke mjini tukahangaike na rangi, lakini kwa sharti. "Mtoto akifika umri wa shule, nitakuja kuwachukua wote, wewe na watoto. Watoto wa ukoo hawalelewi kwa harufu ya tina. Mumeo akitaka kufuata, afuate, ila ajifunze kusimama."

Tukaenda kule kazi ilikotuita. Dumila, kwenye barabara ya kwenda Dodoma, mama mwenye hoteli alituambia, "Fundi, nataka kuku atakayemsimamisha dereva." Athumani akamchorea kuku mnono, anameta mafuta. Baada ya siku chache mama akaja juu.

"Umeniponza! Abiria wanakataa kuku wangu, wanataka yule wa kwenye bati. Mkondeshe kidogo!"

"Mama, mimi sikondeshi. Wewe nenepesha wako."

Mama alisonya, lakini akanunua pumba. Tulipopita tena, kuku wake walikuwa wanatembea kwa shida.

Kutoka hapo tukarudi Morogoro mjini, karibu na barabara ya Mzinga, kwenye maduka wanayonunua watu wanaotoka kazini. Athumani alipanda ngazi na mtoto mgongoni, amefungwa kwa kanga yangu. Wanaume walimcheka: "Fundi, mkeo yuko wapi?" Naye akajibu bila kugeuka, "Yuko kazini, anachanganya rangi." Kila jioni aliwaogesha watoto mwenyewe, kwa sababu, alisema, ndiyo njia ya kuzitoa rangi kwenye kucha zake. Uongo mtupu. Alipenda tu.

Shabani akafika umri wa shule. Habari ikaja kwamba Mjomba anashuka. Mimi nililala macho wazi. Sikutaka kupanda mlimani nikimwacha mume mjini, na nikijua kabisa kwamba Athumani shambani atakufa kwa kuporomoka.

Asubuhi aliyofika tulikuwa tunamalizia kibao cha kinyozi: vichwa vitatu vyenye mitindo mitatu. Mjomba akaja na fimbo yake na kofia. Kabla sijamwamkia, akasimama mbele ya kibao, akaganda. Kichwa cha katikati kilikuwa chake. Pua yake, masikio yake yale ya kusikiliza ugomvi wa jirani, ila kijana. Na nywele! Nywele nyeusi, nzito, zilizochongoka katikati ya paji la uso.

Bwana Kinyozi, ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake, akasema, "Shikamoo mzee! Huyu si wewe? Nywele umeziacha nyumbani?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikaiweka sahani ya rangi chini. Nilijua tumekwisha.

Mjomba hakucheka. Alivua kofia, upara ukapigwa na jua.

"Marahaba. Wewe, mkwe, shuka hapo."

Athumani akashuka ngazi, akapiga goti. "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nani kakwambia nywele zangu zilichongoka hapa? Huyu mke wako alizaliwa nimeshapata upara. Dada yangu ni marehemu. Nani kakwambia?"

"Hakuna, Mjomba. Shabani, njoo."

Mtoto akaja. Athumani akaweka kidole kwenye paji la uso lake, pale nywele zinapoanza. "Kwetu hatuna nywele hizi. Kwetu zinaanza kwa mstari, kama zimepigwa uzi wa chaki. Nikajua hizi ni za ukoo wenu. Nimezichukua kwake nikakurudishia."

"Kumbe unajua kwamba mtoto ni wetu."

"Mjomba, namwogesha kila siku. Nisijue?"

Mjomba akamshika Shabani kichwa, akakitazama, akakitazama cha kwenye kibao. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka fimbo ikamdondoka.

"Nilikuwa mzuri, jamani!" akawaambia watu. "Mnaona wenyewe?" Kisha akatugeukia. "Shule hata mjini ipo. Likizo watakuja kwangu, wajue migomba. Wewe mkwe, usiwasindikize mpaka shambani. Na siku yako ikifika hutarudishwa kwenu. Utalala kwetu. Nitakutafutia mahali tambarare."

Tangu hapo kila aliposhuka mjini alipitia kwa kinyozi, anakaa chini ya kibao bila kofia, akingoja mtu aulize.

Miaka ikapita, mabango ya kuchapa yakaja. Athumani hakununa. Alikwenda kuitazama mashine, akarudi akasema, "Inafanya kazi haraka, na haiombi chai." Mikono yake ilikuwa imeshaanza kutikisika. Brashi tukaziosha kwa tina kwa mara ya mwisho, akampa Shabani, na Shabani akampa binti yake Zuhura. Mjomba alitangulia. Athumani alipomfuata, watu wa ukoo wangu walimpandisha Matombo bila mtu kubishana. Yuko chini ya migomba, mahali tambarare kama meza.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye kiduka cha Zuhura cha kuchapa mabango. Alikuwa anatengeneza bango la saluni, na kwenye kompyuta kuna mwanamke anacheka meno yote.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Simjui, Bibi. Nimemtoa mtandaoni."

"Mtoe."

"Bibi, mteja anangoja!"

"Mtoe, nasema. Mie niko hapa, na mvi zangu zimesukwa jana."

Akacheka, akachukua simu, akanivuta nje penye mwanga. "Haya, mrembo wa Matombo. Simama hivyo hivyo. Tazama simu."

Nikanyoosha shingo. Nikatazama mlimani.