Majani Yaliyofungwa ya Alimbongo

Juzi nilipanda Alimbongo kutoka Butembo kwa pikipiki, kiangazi kikiwa kimekolea. Baridi ilinipiga masikioni kama zamani, nikacheka peke yangu hata dereva akageuka. Nilikuwa nakwenda kuangalia shamba la koko, mama yake mama yangu, aliyenilea pale mlimani. Tangu siku hiyo, rafiki yangu, ng'ombe wake hawanitoki kichwani.

Walikuwa wachache, lakini koko aliwapangia chakula kuliko alivyotupangia sisi. Mvua zikiwa bado zinanyesha, sisi tumeshiba viazi na maharage karibu na moto, yeye alikuwa anawaza kiangazi. Aliuchagua mteremko wa chini, karibu na chemchemi, akaufunga. Usidhani aliweka ua. Alishika majani marefu pale njia inapoingilia, akayapiga fundo moja kubwa, basi. Kwetu kila mtu alilijua fundo lile: ng'ombe asipite hapa mpaka mwenyewe alifungue.

Kazi yangu mimi ilikuwa jiwe. Ndani ya chemchemi palikuwa na jiwe jeusi, na kila asubuhi nikienda kuchota maji ya kujaza gogo walilonywea ng'ombe, nilipaswa kulitazama. Maji yakishuka mpaka mgongo wa jiwe ukauke, ndiyo siku ya kufungua. Nilipanda na bidoni ya maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso, vidole vimekufa ganzi, na koko aliniuliza hata kabla sijaitua:

"Jiwe inaonesha mugongo?"

"Bado, koko."

"Donc na sisi bado."

Mwaka ninaoukumbuka, ng'ombe niliyempenda kuliko wote, yule mwenye paji jeupe, alikuwa na mimba. Tulimpa mabua ya mahindi na majani makavu ya maharage, akayatafuna kama anatuonea huruma tu. Mbavu zilimtoka. Niliogopa atakufa na ndama wake, na pale chini majani yalikuwa yamesimama, mabichi, yananukia hadi jikoni. Nilimlilia koko afungue. Hata mwalimu, mtu wa Kasai aliyepanga chumba kwetu, alinisaidia kulalamika, ingawa nadhani yeye alikuwa anawaza maziwa ya chai yake.

"Mama, fungula hata kidogo!"

"Leo itashiba, mais kisha?" koko akamjibu. "Mwezi yenye inakuya utaipatia nini, mwalimu? Nyimbo zako za kanisa, za dimanche?"

Jirani wa ng'ambo ya kijito ndiye aliyeniumiza zaidi. Kiangazi kilichotangulia alifiwa na ndama, na tangu hapo hakuweza kustahimili kusikia ng'ombe akilia. Alifungua majani yake mapema, na ng'ombe wake wakang'aa. Nilimnunia koko. Nilimwona mtu mgumu, na nilikuwa na hakika kwamba jirani ndiye mwenye moyo.

Halafu asubuhi moja mgongo wa jiwe ukatokea, mkavu. Nilipanda mbio nikipiga kelele mpaka mwalimu akatoka na kandambili mguu mmoja. Koko alilifungua fundo mwenyewe, polepole, na ng'ombe wakaingia. Mpaka leo naisikia sauti ile ya ndimi zikikata majani. Paji Jeupe alizaa salama humo humo, na mwalimu akapata chai yake.

Mvua zilikuwa bado mbali jirani alipokuja. Mteremko wake ulikuwa umebaki udongo mtupu. Alisimama uani, kofia mkononi, asijue aanzie wapi. Koko hakumngoja aanze.

"Ile majani ya chini kabisa, njo yako. Nilifunga kubwa juu ya weye. Nilijua utafungula mbele ya wakati."

Mwalimu alicheka akamwaga chai. Jirani naye alicheka, huku anafuta macho. Mimi ndipo nikaelewa: tangu wakati wa mvua, alipokuwa anapima mteremko kwa macho, koko alikuwa ameuhesabu pia moyo laini wa jirani, akamwekea fungu lake. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda siku ile.

Sasa koko amelala kaburini nyuma ya nyumba. Ng'ombe walikwenda mwaka tuliokimbia vita, mwalimu alihamishwa, na karibu mlima wote ni kabichi na mikaratusi. Jirani yupo, mzee, na ng'ombe mmoja aliyekonda, aliyekuwa analia nilipofika. Chini ya nyumba yake majani yalinifika begani. Njiani, fundo.

"Baba, mbona hufungui?"

"Nilienda kuangalia asubuhi. Jiwe bado."

Nilitaka kumtania, yeye wa kufungua mapema. Lakini niliona mteremko ule ni mrefu mno kwa ng'ombe mmoja, nikamwuliza kile kipande cha chini kabisa ni cha nani. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Ile njo ya koko yako."

Nikalia pale pale, bila aibu.