Udongo wa Mashimo Kumi na Mawili

Kwa nini udongo wa mashimo kumi na mawili, kuanzia juu ya mlima hadi chini bondeni, ulifanana kama unga wa gunia moja? Niliuanika juu ya magazeti katika ofisi ya kilimo ya Kindu, nikauzunguka asubuhi nzima, nikakosa jibu.

Ilikuwa miaka ya Zaire, nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, na diploma moja na ubishi mwingi. Niliuliza kwa nini tucheze ngoma za chama kabla ya kazi, kwa nini salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, ifagie ua uleule uliofagiwa jana. Mkuu wangu alinituma milima ya Kabambare, labda ili apumzike. Serikali ilitaka kuweka ng'ombe katika bonde moja huko. Mimi nilipaswa kusema wapi panafaa malisho na wapi hapafai.

Nilichimba siku tano. Kwenye miteremko udongo ulikuwa mwekundu na mwembamba. Ukichimba kina cha kiganja, unagonga jiwe. Ni nyasi tu zilizoushikilia. Kwato zikizikata, mvua ingeuteremsha wote. Chini kabisa ulikuwa mweusi, umejaa maji, na humo wanawake walipanda maharage kila kiangazi. Ng'ombe wangesimama humo mpaka kwato zioze. Palipofaa palikuwa kipande kidogo katikati, cha kutosha mbuzi wa kijiji. Yote hayo niliyaandika kwa penseli katika daftari langu.

Siku ya kuondoka, wanawake wanne walikuja kubeba mifuko yangu ya udongo, mmoja kwa kila shimo, hadi barabarani, mwendo wa siku mbili, vikapu mgongoni na mikanda kipajini. Mkubwa wao ndiye aliyekuwa na shamba kubwa la maharage pale chini. Aliniita mamzele, kama walivyoitwa wasichana waliosoma.

"Mamzele, hii udongo yetu unapeleka kwa nani?"

"Kwa serikali, mama."

"Kwao Kindu udongo haiko?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Na maharage yangu? Ngombe zao zitalala wapi?"

"Udongo wenyewe utasema, mama. Mimi nitaandika tu."

"Basi iseme muzuri." Akainua kikapu chake, akaguna. "Iko muzito kama maneno ya mukwe!"

Mimi nilikuwa na homa, hivyo mwalimu wa kijiji akanitanguliza, akinipakia kwenye baiskeli yake kila palipokuwa tambarare. Barabarani nililala kibandani nikingoja lori. Nilipoamka mifuko ilikuwa imefika. Niliihesabu: kumi na miwili, na vibati vyangu vya namba vikiwa vimefungwa palepale.

Sasa, ofisini Kindu, mkuu alikuwa amesimama juu ya magazeti yangu, beji ya chama kifuani, akiniita raia kwa Kifaransa kama chama kilivyoagiza.

"Sitwayene, umetuletea bonde yenye udongo moja, ya kahawia, muzuri. Unalia nini?"

"Daftari langu linasema vingine, sitwayen. Nirudi nikachimbe tena."

"Kwa mafuta gani? Ripoti inatakiwa wiki hii. Daftari iliandikwa na homa. Udongo njo huu, ndiyo huu hapa."

Nilipima tena, kwa chupa na chekecheke, jinsi nilivyofundishwa. Majibu yalikuwa yaleyale kila mfuko. Udongo ukikauka hubadilika rangi, nilijiambia. Nilikuwa nimesoma hivyo, tena ni kweli. Mimi niliyebishana na chama kizima sikuthubutu kubishana na chupa zangu. Mikono yangu ilikuwa imeshika ule wekundu na ule weusi, na bado niliandika kwamba bonde lote linafaa kwa malisho. Nikatia sahihi.

Ng'ombe walifika. Wanawake waliondolewa chini, wakaambiwa walime miteremkoni. Msimu wa pili wa mvua mteremko ulishuka juu ya mashamba ya maharage, na ng'ombe waliobaki walikuwa wanachechemea. Baada ya hapo hapakuwa na ng'ombe wala maharage. Nilisoma habari hizo katika barua ya yule mwalimu. Niliikunja, nikaiweka ndani ya daftari langu.

Miaka mingi baadaye, Zaire yenyewe ikiwa imekwisha, nilimkuta yule mama mkubwa bandarini Kindu. Alikuwa akiuza mihogo ya shamba la mtu mwingine. Alinitambua kabla sijamtambua, akanishika mkono, akanicheka kama anavyochekwa mtoto wa ndugu. Nilimwomba radhi kwa mzigo wa siku zile.

"Mzigo gani? Mamzele, tulikucheka sana! Kubeba udongo siku mbili, na kwa barabara udongo haiko? Tulimwaga yote kwa mto ya kwanza. Wakati ulikuwa unalala na homa, njo tulijaza ingine. Shimo moja tu, nyuma ya kile kibanda. Mimi mwenyewe njo nilichimba."